Kadi Zijazo na Neno Tulilolidondosha

Wahenga walituachia msemo ambao kila mpenda habari huutumia kama ngao: lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Ni msemo mzuri, nami sina ugomvi nao. Ila nimewahi kujiuliza, ndugu msomaji, mbona wahenga hao hawakutuambia lisemwalo litafika lini, litafika likiwa na umbo gani, na litauzwa kwa bei gani. Maswali hayo matatu ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu leo. Na jambo lililoyazua si siasa wala kandanda, bali ni uvumi kuhusu kadi za michoro za tarakilishi ambazo bado hazijatoka kiwandani.

Najua baadhi ya walimu wenzangu watakunja uso. Kadi ya michoro yamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Nitaeleza. Kadi ya michoro ni kibao kinachochomekwa ndani ya tarakilishi, chenye kichakataji chake, kumbukumbu yake na feni zake za kupoza joto. Kazi yake ya asili ilikuwa kuchora picha kwenye kioo, hasa picha za michezo ambayo vijana wetu huikeshea. Lakini kwa kuwa kifaa hiki kimeundwa kufanya maelfu ya hesabu ndogondogo kwa wakati mmoja, wataalamu waligundua kwamba chafaa pia kuifunza tarakilishi kutambua sauti, kutafsiri lugha na kusoma miswada. Hivyo basi, kijana anayetaka kucheza mchezo bwenini, mwanafunzi wa uhandisi na mtafiti wa lahaja wote wanakitamani kitu kimoja. Na wote, bila kujuana, husikiliza uvumi uleule.

Uvumi huo hauishi, na sababu yake si ngumu kuelewa. Kampuni ya Nvidia ya Marekani, ambayo ndiyo kubwa zaidi katika biashara hii, imekuwa ikitoa kizazi kipya cha kadi takriban kila baada ya miaka miwili: Septemba 2018, Septemba 2020, Oktoba 2022 na Januari 2025. Mshindani wake, AMD, hufuata mwendo unaokaribiana na huo. Kati ya kizazi kimoja na kingine kuna miezi mingi ya ukimya, na ukimya ndio mbolea ya uvumi. Kila wiki hutokea mtu akadai kwamba kadi ijayo itakuwa na kumbukumbu kiasi hiki, italamba umeme kiasi kile, itatoka mwezi fulani na itawaaibisha ndugu zake wote waliotangulia.

Kabla sijawanyoshea wengine kidole, sina budi kuungama kosa langu mwenyewe.

Katikati ya mwaka 2022 idara yetu ilipata fedha kidogo za utafiti. Miongoni mwa waliotarajiwa kunufaika alikuwa mwanafunzi mmoja wa uzamili, mwalimu wa shule ya upili huko Pwani aliyepewa likizo ya masomo. Mwalimu huyo alikuwa amerekodi saa nyingi za mazungumzo ya wazee wa Lamu, akitaka kuifunza tarakilishi kuyatambua matamshi ya Kiamu, ili mzee akisema "ndia" mashine isidhani kwamba amekosea kutamka "njia". Alihitaji kadi moja tu, wala si ya kifahari. Kamati ikaketi kujadili ununuzi wa kadi ya Nvidia iitwayo RTX 3060, iliyokuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 12. Nikanyosha mkono.

"Bwana Mwenyekiti," nikasema, "tusikimbilie kununua sasa. Kadi mpya zinatoka mwezi wa Septemba, na hizi za zamani zitashuka bei."

Mwenyekiti akanigeukia kwa heshima zote, maana katika kikao kile mimi ndimi niliyesifika kwa kufuatilia mambo ya mitambo. "Daktari una hakika?"

"Ninayo," nikajibu.

Kumbukumbu za kikao zikaandikwa: "Ununuzi umeahirishwa hadi kadi mpya zitakapotoka mwezi wa Septemba." Sahihi ikatiwa. Hakuna aliyeniuliza habari ile nimeipata wapi. Lau ningeulizwa, ningalijibu kwamba nimesoma mahali palipoandikwa kuwa inasemekana huenda kadi mpya zikatangazwa mnamo Septemba. Ama kuhusu kushuka kwa bei, hilo sikulisoma popote. Nililitunga mimi, palepale, na ulimi wangu ukaliunga na lile la kwanza kana kwamba ni pacha wake.

Je, uvumi ule ulikuwa wa uongo? La hasha! Mnamo Septemba 20, 2022 mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alitangaza kizazi kipya kama ilivyobashiriwa. Lakini kadi ya kwanza kuuzwa, RTX 4090, ilitoka Oktoba 12 kwa dola 1,599, kiasi ambacho kwa fedha zetu kilizidi shilingi 180,000 hata kabla ya nauli na ushuru. Iliyofuata, RTX 4080, ilikuwa ya dola 1,199. Hizo si kadi za idara ya isimu. Sisi tulikuwa tukiisubiri ya watu wa kawaida, na hiyo, RTX 4060, ilitoka Juni 29, 2023, siku moja kabla ya mwaka wetu wa fedha kufungwa. Bei yake ilikuwa dola 299, pungufu ya dola 30 kuliko bei ya dola 329 ambayo kampuni iliitangazia RTX 3060 mwaka 2021. Hata hivyo, kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 8, ilhali ile tuliyoikataa ilikuwa na 12. Na kwa kazi ya kuifunza tarakilishi sauti, kumbukumbu ikipungua kazi yenyewe hukwama.

Isitoshe, kulikuwa na jambo ambalo hakuna mvumishaji wa California wala wa Taiwan aliyejali kulitaja. Katikati ya mwaka 2022 dola moja ilikuwa shilingi 117 hivi za Kenya. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama 140, na kufikia Januari 2024 ilikaribia 160 kabla ya shilingi kujikokota tena hadi 130 hivi. Piga hesabu nami, msomaji. Dola 329 mara 117 ni shilingi 38,493. Dola 299 mara 140 ni shilingi 41,860. Kitu kilichoshuka bei kwa Mmarekani kilimpandia Mkenya, tena kikiwa kimepunguziwa kumbukumbu. Fedha za utafiti ambazo hazikutumika zikarudi zilikotoka. Likizo ya mwalimu yule ikaisha. Akarejea darasani kwake na sauti za wazee wale zimo katika diski, hazijaandikwa wala kutambuliwa na mashine yoyote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuchunguza uvumi huu kwa jicho la mwanaisimu, na nimegundua kwamba hautokani na hewa tupu. Nvidia na AMD hubuni tu. Vichakataji vyenyewe huchongwa na viwanda vya nje. Vile vya kizazi cha RTX 30 vilichongwa na Samsung ya Korea Kusini, na vya vizazi vilivyofuata vikachongwa na TSMC ya Taiwan. Kisha kampuni nyingine, kama ASUS, MSI na Gigabyte, huviunganisha na feni, hutengeneza maboksi na kuvisafirisha. Kila mkono katika mnyororo huo lazima uambiwe kitu mapema. Orodha za mizigo hupita bandarini. Majina ya bidhaa huandikishwa katika ofisi za forodha na biashara za nchi mbalimbali. AMD nayo huweka hadharani maandishi ya programu zinazoendesha kadi zake kwenye Linux, na wadadisi huyasoma mstari kwa mstari wakitafuta jina geni. Hata wizi umewahi kutumika: Februari 2022 wadukuzi waliojiita Lapsus$ waliingia katika mitambo ya Nvidia na kutoka na data za siri.

Kwa hiyo dalili zipo, na dalili ya mvua ni mawingu. Tatizo ni kwamba si mambo yote ya kadi huamuliwa kwa wakati mmoja. Umbo la kichakataji, idadi ya viini vyake vya kukokotolea na upana wa njia ya kumbukumbu huamuliwa mapema sana, kwa sababu kiwanda hakiwezi kuchonga kisichochorwa. Lakini jina, kiwango cha umeme, siku ya kuuzwa na bei huweza kubadilishwa hata wiki ya mwisho, kwa kumtazama mpinzani amefanya nini. Ndiyo maana uvumi kuhusu kilichokwisha kuchongwa mara nyingi hutimia, na uvumi kuhusu kile ambacho wakubwa hawajakiamua mara nyingi huanguka. Mvumishaji hawezi kuvujisha siri ambayo hata mwenyewe hajawa nayo.

Nitatoa mifano. Mapema mwaka 2022 ilivumishwa kwamba kadi kubwa ya kizazi kilichokuwa kikija ingetumia wati 600. Watu wakaanza kupima kama vifaa vyao vya umeme vingestahimili. RTX 4090 ilipotoka, kiwango chake kilikuwa wati 450. Wati ni jambo la kurekebishwa, na lilirekebishwa.

Mfano wa pili ni wa bei. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kadi za AMD ziitwazo RX 9070 zilikuwa tayari zimefika katika maghala ya baadhi ya wauzaji ng'ambo, lakini kampuni ilikuwa kimya kuhusu bei. Ukimya ule ukazaa tarakimu za kila aina, mpaka ofisa mmoja wa AMD akalazimika kukana hadharani kwamba bei ya kuanzia ya dola 899 haikuwahi kuwa katika mipango yao. Februari 28 bei ikatangazwa: RX 9070 XT ingeuzwa dola 599 kuanzia Machi 6. Tazama ajabu hiyo. Kadi zilikuwa zimekwisha kutiwa katika maboksi, unaweza kuzigusa kwa mkono, na bado bei yake ilikuwa uvumi.

Mfano wa tatu ndio unaonipendeza zaidi, kwa kuwa unahusu maana. Kabla ya Septemba 1, 2020 wavumishaji walikubaliana kwamba RTX 3080 ingekuwa na viini 4,352. Siku hiyo ilipofika, Nvidia ikatangaza viini 8,704, mara mbili kamili. Je, wavumishaji walidanganya? Hapana. Ndani ya kichakataji kile kulikuwa na sehemu ambazo katika kizazi kilichotangulia zilifanya hesabu za namba nzima pekee, na sasa zikawezeshwa kufanya hesabu za desimali pia. Kampuni ikazihesabu nazo. Tarakimu ya wavumishaji ilikuwa sahihi. Ni maana ya neno "kiini" iliyobadilika wakiwa hawajui. Na wale waliodhani kwamba viini maradufu ni kasi maradufu walikosea pia, kwa kuwa kasi haikuongezeka kwa kiasi hicho. Mwalimu wa semantiki akitafuta mfano wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba tarakimu bila fasili ni kelele, asitafute mbali.

Hapa ndipo nafikia kiini cha hoja yangu. Uvumi si dhambi. Lugha yetu inaujua vyema na imeupa majina mengi: fununu, tetesi, penyenye, minong'ono. Neno "uvumi" lenyewe latokana na kitenzi "vuma", kitenzi kilekile tunachokitumia kwa upepo, kwa nyuki na kwa ngoma. Na lugha haikutuachia majina tu, bali ilitupa pia vyombo vya kuubebea kwa usalama: eti, huenda, yamkini, labda, inasemekana, kwa mujibu wa fulani. Vyombo hivyo ni kama mpini wa kisu. Ukiuondoa mpini, kisu ni kilekile, ila sasa kitamkata anayekipokea.

Sikiliza jinsi habari inavyosafiri. Mtu wa kwanza husema, "Nimeona katika orodha ya mizigo jina linalofanana na la kadi mpya." Wa pili husema, "Inasemekana huenda kadi mpya imeanza kusafirishwa." Wa tatu husema, "Kadi mpya imeanza kusafirishwa." Wa nne, ambaye kwa kawaida ndiye rafiki yako, husema, "Kadi mpya inatoka mwezi ujao, usinunue hii." Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja amedondosha neno moja au mawili njiani, na mwisho wa safari dalili imekuwa amri. Nami katika kikao kile nilikuwa yule wa nne.

Hata neno "inasemekana" lenyewe linahitaji kuchungwa. Walimu wenzangu wanajua kwamba limeundwa kwa kauli ya kutendeka. Waweza kusema, "Imesemwa na Juma," kwa kuwa kauli ya kutendwa humpa mtenda nafasi. Lakini jaribu kusema, "Inasemekana na Juma," uone sentensi itakavyokukatalia. Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda. Kwayo maneno hujisemea yenyewe, kama vile kikombe kinavyovunjika bila aliyekivunja. Kwa hiyo "inasemekana" hutuonya kwamba habari haijathibitishwa, na hapohapo humficha aliyeisema. Ni taa yenye kivuli. Mwandishi mwangalifu ataitumia pale tu ambapo hana njia ya kumtaja msemaji, na panapowezekana ataandika "kwa mujibu wa" na kumalizia kwa jina.

Aidha, sisi walimu hatuna budi kujilaumu kidogo. Tunapomkuta mwanafunzi ameandika "eti" katika insha, tunaipiga mstari mwekundu kwa kuwa ni neno la mazungumzo. Haya, tumeipiga. Lakini tumempa nini badala yake? Mara nyingi hatumpi kitu, naye hujifunza kwamba insha nzuri ni ile inayosema kila jambo kwa uhakika. Tumemfunza ufasaha tukamnyima shaka. Kijana huyo akikua atakaa katika kamati, atanyosha mkono, na atasema kama nilivyosema mimi.

Kuna atakayenipinga hivi: basi tuupuuze uvumi wote na tungoje kauli rasmi ya kampuni. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Mnamo Juni 2018, huko Taipei, Jensen Huang aliulizwa kadi mpya za michezo zingetoka lini, naye akajibu kwamba bado ni muda mrefu. Haikutimia miezi mitatu, na tarehe 20 Agosti mwaka huohuo akapanda jukwaani huko Cologne, Ujerumani, akazitangaza. Muda mrefu ni kitu gani? Kwa anayengoja na kwa anayetaka kumaliza kuuza kadi za zamani, maneno hayo hayana kipimo kimoja.

Vivyo hivyo, Januari 6, 2025, huko Las Vegas, mkuu huyohuyo alisema kwamba kadi mpya ya RTX 5070, ya dola 549, ingetoa utendaji wa RTX 4090. Waliosikia nusu ya habari walishangilia. Nusu ya pili ni kwamba usawa huo ulitegemea programu inayobuni picha za ziada na kuzipachika katikati ya zile zilizochorwa kweli. Wachunguzi walipoipima kadi hiyo bila msaada huo, waliikuta nyuma kwa mbali. Hata jina rasmi si dhamana. Septemba 2022 Nvidia ilitangaza kadi mbili zilizoitwa RTX 4080, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya 12, ingawa zilitofautiana hata kwa idadi ya viini. Malalamiko yakazidi, na Oktoba 14 kampuni ikaifuta ile ndogo kabla haijauzwa, ikikiri kwamba jina lile lilikanganya. Januari 2023 kadi hiyo ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti, na bei imeshuka kutoka dola 899 hadi 799. Kwa hivyo tangazo la kampuni nalo lina msemaji, na msemaji huyo ana bidhaa ya kuuza.

Atakuja mwingine aseme: lakini mara nyingine kusubiri kuna faida. Nakubali. Aliyenunua RTX 2080 Ti kwa zaidi ya dola 1,000 mnamo Agosti 2020 alijuta wiki chache tu baadaye, pale Nvidia ilipotangaza RTX 3070 ya dola 499 na kudai kwamba ingelingana nayo. Aliyesikiliza uvumi aliokoka. Lakini hadithi haikuishia hapo. Wako waliokimbilia kuziuza kadi zao za zamani kwa bei ya kutupa, wakingoja mpya. Mpya zilipotoka, hazikushikika. Janga la korona lilikuwa limewafungia watu majumbani, viwanda vilielemewa, na wachimbaji wa sarafu ya Ethereum walikuwa wakizinunua kadi kwa wingi. Uchimbaji wa namna hiyo haukukoma hadi Septemba 15, 2022. Waliouza walikaa mikono mitupu kwa miezi mingi. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi tufanyeje? Napendekeza maswali matatu, ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuyaandika nyuma ya daftari lake.

Kwanza, nani kasema, na alijuaje? Aliyeona jina katika orodha ya mizigo anajua jina tu, hajui bei. Aliyesoma maandishi ya programu anajua kwamba kuna kichakataji fulani, hajui kitauzwa lini. Kila shahidi ana mipaka ya dirisha lake.

Pili, jambo linalovumishwa limekwisha kuchongwa au bado linaamuliwa? Kama limechongwa, lipe uzito. Kama linaamuliwa, lisikilize kama unavyosikiliza utabiri wa matokeo ya mechi.

Tatu, nikisubiri, kusubiri kwenyewe kutanigharimu nini? Swali hili ndilo ambalo mvumishaji wa mbali hawezi kukujibia. Hajui shilingi yako itakuwa wapi mwakani, likizo yako inaisha lini, wala mwaka wako wa fedha unafungwa tarehe ngapi. Kama kazi ipo leo, na kadi inayoiweza kazi hiyo ipo dukani leo, na fedha zipo leo, basi mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya yule anayesema "subiri."

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi dogo zaidi. Somo moja tu katika muhula, waambieni wanafunzi walete uvumi wowote walioushika, uwe wa kadi, wa simu au wa mchezaji anayehamia timu nyingine. Waufuate nyuma hatua kwa hatua hadi kwa msemaji wa kwanza, wakiandika ni neno gani lililodondoka katika kila hatua. Kisha wauandike upya kwa Kiswahili sanifu, kila dai likiwa na mpini wake. Watajifunza kauli za kitenzi, watajifunza viambishi vya nyakati, na juu ya hayo watajifunza uadilifu.

Hivi karibuni idara yetu ilipata tena fedha kidogo. Tulipoketi, mhadhiri mmoja kijana alinyosha mkono. "Bwana Mwenyekiti, tungengoja. Kadi zijazo zitakuwa na kumbukumbu kubwa zaidi."

Kabla sijafungua kinywa, Mwenyekiti akavua miwani. "Nani kasema, Daktari?"

Kijana akasita. "Inasemekana, mzee."

"Basi iandikwe hivyohivyo," akasema Mwenyekiti, akimgeukia karani. "Iandikwe: inasemekana. Na chini yake iandikwe kwamba kamati imekubali kununua iliyoko dukani."

Jioni ile nilimpigia simu yule mwalimu wa Pwani, nikamwuliza kama diski zake zingali salama. Akanijibu kwamba zi salama, ila wawili kati ya wazee aliowarekodi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hakunilaumu, kwa kuwa ni mtu wa adabu. Nikamwahidi kwamba safari hii kazi itaanza, na nilipotamka ahadi hiyo nilihakikisha kwanza kwamba kadi yenyewe iko mezani kwangu, nimeigusa kwa mkono.